Chakula cha mbwa cha kupimiwa kilo: bei inashuka, gramu zinapotea

Ukiingia Container Village pale Nakivubo, au duka la dawa za mifugo katika mji wowote wa Uganda wenye mbwa wa geti, utakuta gunia lililofunguliwa mdomo karibu na mlango. Ndani mna vipunje vya kahawia, juu yake kikombe cha plastiki. Unataja kilo zako, muuzaji anachota, anapima, anafunga kaveera (mfuko wa plastiki), unaondoka. Bei huwa chini kuliko ya mfuko mdogo uliofungwa kiwandani, na hulazimiki kutoa fedha za gunia zima la kilo 15 au 20 kwa mkupuo mmoja. Ndicho tunachokipima hapa, pamoja na vitu viwili vinavyotumika kwa kazi hiyohiyo: unga wa mbwa unaochanganywa nchini, na ile sufuria ya posho (ugali) na mukene (dagaa). Swali ni moja tu: kipi kinakuwezesha kumweka mbwa kwenye uzito unaomfaa, asinenepe wala asikonde?

Jibu letu mapema: vipunje vyenyewe mara nyingi si vibaya. Kasoro ni kwamba vimetenganishwa na gunia lake, na maelezo yote unayoyahitaji yamechapishwa kwenye gunia hilo. Kwa mbwa mwembamba anayezunguka uwanja usiku kucha, kasoro hiyo inavumilika. Kwa mbwa aliyehasiwa, aliyekwisha kunenepa, au anayeshinda kwenye kibanda tangu asubuhi hadi magharibi, kununua hivyo ni kurusha jiwe gizani.

Kinachobaki dukani ukiondoka na kaveera

Vipunje vikavu vya mbwa mzima huwa na kati ya kalori 3,000 na 4,000 kwa kilo. (Kalori tunazozitaja kote ni zile zinazoandikwa kcal kwenye lebo.) Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Vipunje vya kalori 3,000 na vya kalori 4,000 vinaweza kuwa na rangi moja, ukubwa mmoja na harufu zinazokaribiana, vikakaa katika magunia mawili yaliyogusana.

Chukua mbwa wa kilo 20 aliyehasiwa. Mahitaji yake unayapata kwa kikokotoo cha simu. Zidisha uzito mara tatu, 20 × 20 × 20, upate 8,000. Bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili mfululizo: 89.4, kisha 9.46. Zidisha kwa 70, upate kama 662. Hizo ni kalori za mwili uliotulia, za kupumua na kuendesha moyo tu. Sasa zidisha kwa hali ya mbwa: 1.8 kwa asiyehasiwa mwenye shughuli za kawaida, 1.6 kwa aliyehasiwa, 1.2 hadi 1.4 kwa anayelala kutwa. Huyu wetu anafika kama 1,060 kwa siku.

Kwa chakula cha kalori 3,000 kwa kilo, 1,060 ni gramu 353. Kwa kile cha 4,000 ni gramu 265. Ukizoea kumpa 353 za gunia la kwanza, kisha muuzaji akabadilisha gunia bila kukuambia, mbwa anapokea kalori 1,412, yaani theluthi nzima zaidi ya anachohitaji. Ziada hiyo ikigeuka mafuta yote ni zaidi ya kilo moja kwa mwezi. Hapo hujaongeza hata punje. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba hajabadilisha kitu na mbwa wake anazidi kuwa pipa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba uonyeshwe mgongo wa gunia na uupige picha. Unatafuta vitu vinne: kalori kwa kilo, protini na mafuta kwa asilimia, tarehe ya mwisho wa kutumika, na umri wa mbwa ambaye chakula kimekusudiwa. Hilo la mwisho wengi wanaliruka. Chakula cha watoto wa mbwa kina mafuta mengi zaidi, kinanukia vizuri, mbwa wazima wanakipenda, na wauzaji wanakisifu kwa sababu hiyohiyo. Mtoto wa mbwa chini ya miezi minne hutumia kama mara tatu ya kalori za kutulia. Mbwa mzima wa geti hatumii hata mara mbili.

Gunia likiwa na protini na mafuta lakini bila kalori, unaweza kukadiria mwenyewe. Toa protini, mafuta, nyuzi, majivu (yaani madini) na maji kutoka 100. Kinachobaki ni wanga. Zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5, ujumlishe. Mfano: protini 24, mafuta 12, nyuzi 4, majivu 7, maji 10, wanga unabaki 43. Hesabu: 84 + 102 + 150.5, jumla kama kalori 337 kwa gramu 100, sawa na 3,370 kwa kilo. Lebo isipotaja majivu, weka 7 au 8. Isipotaja maji, weka 10. Hutakosea sana.

Na jedwali la kulishia lililo nyuma ya gunia? Lisome kwa tahadhari. Linapotaja kilo za mbwa, linakusudia uzito anaotakiwa kuwa nao, si ule alionao leo akiwa na kitambi. Isitoshe, kwa mbwa wa kibandani kiasi chake mara nyingi huwa kikubwa. Anza na kiwango cha chini kabisa cha mstari wake.

Tumpeko si mizani

Kikombe cha tumpeko, ambacho nyumba nyingi huku hupimia kila kitu kuanzia chai hadi maharage, hubeba takriban nusu lita. Kijaze vipunje vidogo vilivyoshikana, ukisawazishe kwa kiganja, utapata kama gramu 220. Kijaze vipunje vikubwa vyenye hewa ndani, utapata 170. Sasa mwambie kijana wa nyumbani akijaze mwenyewe: ataweka kilima juu, gramu 40 au 50 za ziada, kwa sababu mbwa anamtazama. Kikombe kilekile kimetoka 170 hadi 270. Kwa chakula cha kalori 3,500, gramu hizo 100 ni kalori 350, theluthi ya siku nzima ya yule mbwa wetu wa kilo 20.

Wala si tatizo la Kampala pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulijaribu vikombe maalumu vya kupimia chakula cha mbwa, vyenye mistari kabisa, na makosa yakawa kuanzia upungufu wa asilimia 18 hadi ziada ya asilimia 80. Kama kikombe chenye mistari kinadanganya hivyo, tumpeko tusiilaumu.

Upya wa chakula

Gunia likifunguliwa, mafuta yaliyopakwa juu ya vipunje huanza kuchacha. Chakula kilichofunguliwa kinafaa kuisha ndani ya wiki nne hadi sita, na hapo ni kikiwa kimefungwa vizuri mahali pakavu pasipo joto kali. Gunia la mlangoni linapigwa jua la alasiri, na msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, linanyonya unyevu. Wauzaji wengine humimina gunia jipya juu ya mabaki ya la zamani, kwa hiyo vya chini havijulikani vina miezi mingapi.

Chukua punje moja uivunje kwa vidole. Inatakiwa ikatike kwa mlio; ikipinda au kuponda kama biskuti iliyolowa, unyevu umeingia. Inuse. Harufu ya nyama kavu au nafaka ni sawa. Harufu ya rangi ya zamani au sabuni ni mafuta yaliyochacha. Harufu ya udongo wa chini ya jiwe ni ukungu, na hapo usinunue hata kwa nusu bei.

Ukungu wa mahindi ndio wenye aflatoksini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika vibaya zaidi. Mwaka 2005 huko Marekani chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo kiliua mbwa wengi, na kilikuwa cha mifuko iliyofungwa. Dalili ni kukataa kula, kutapika, uchovu, kisha ufizi na weupe wa macho kugeuka manjano. Ini linakuwa limeshaharibika. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo ile tabia ya kununua mahindi yaliyooza, yakasagwa, eti "ni ya mbwa tu", tunaipinga moja kwa moja.

Nunua cha wiki mbili, si zaidi. Nyumbani usikimimine kwenye ndoo tupu iliyobaki mafuta ya mwezi uliopita. Kiache ndani ya mfuko wake, mfuko uingie ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Unga wa mbwa wa kuchanganywa nchini

Huu ndio wa bei ya chini kuliko vyote: mahindi au pumba za mahindi, soya, mukene waliosagwa, chumvi, na pengine mchanganyiko wa vitamini. Fundi mzuri anaweza kutengeneza unga unaomtosha mbwa. Shida ni kwamba kila mkupuo hutoka tofauti, kwa sababu pumba zikishuka bei zinaongezwa, mukene wakipanda wanapunguzwa.

Kuna jaribio la dakika tano. Weka kijiko kimoja cha unga kwenye glasi ya maji, koroga, uiache itulie. Pumba nyepesi zitaelea. Unga utazama polepole na kuyatia maji ukungu mweupe. Kisha angalia chini kabisa: mchanga unakaa pale kama mstari wa kijivu, na ukiusugua kati ya vidole unakwaruza. Mchanga huo unatoka kwa mukene walioanikwa chini ufukweni, ambao kwa kawaida ndio wanaoishia kwenye vyakula vya mifugo. Wale walioanikwa juu ya nyavu au vichanja huenda jikoni kwa watu. Mbwa anayekula mstari mnene wa mchanga kila siku analipiwa protini ambayo haipo.

Pumba nyingi zina sura mbili. Kwa mbwa mnene, nyuzi zake zinajaza tumbo kwa kalori chache, jambo ambalo si baya. Kwa mbwa mchanga au anayenyonyesha, zinamjaza kabla hajapata chakula cha kutosha, naye anakonda huku tumbo limetuna. Na kinyesi kinakuwa kikubwa, chenye makapi. Anayesafisha uwanja atakuambia kabla ya daktari.

Unga huu hupikwa uji mzito, na maji hubadilisha uzito kila mpishi akibadilika. Pima ukiwa mkavu. Gramu 100 za unga zinaweza kuwa gramu 300 za uji leo na 400 kesho, lakini kalori ni zilezile.

Usikubali kuuziwa chakula cha kuku badala yake, hata kama muuzaji anasema mbwa wa jirani wanakula. Chakula cha kuku wa mayai kimejaa chokaa (kalsiamu) kwa ajili ya maganda, na kwa mtoto wa mbwa wa jamii kubwa chokaa nyingi inaharibu ukuaji wa mifupa. Baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama vina dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), za jamii ya ionofori, ambazo ni sumu kwa mbwa.

Sufuria ya posho na mukene

Watu wa dukani huidharau, sisi hatuidharau. Ina kasoro zake, ila angalau unajua ulichotia ndani.

Kosa la kawaida ni posho nyingi na mchuzi. Unga wa mahindi una kama kalori 360 kwa gramu 100 ukiwa mkavu, na protini yake ni kama asilimia 8 tu. Mbwa wa kilo 20 akipewa posho ya gramu 250 za unga, amekwisha kula kalori 900 na bado ana njaa ya protini. Anazidi kunenepa kiunoni huku mapaja yakilegea. Hali hiyohiyo ipo kwa chenga za mchele.

Mgawanyo unaofaa zaidi kwa mbwa huyo kwa siku nzima ni unga mkavu gramu 130, mukene safi wakavu gramu 100, mafuta ya kupikia kijiko kikubwa kimoja, na mboga gramu 100 kama karoti, boga au majani ya dodo (mchicha) yaliyokatwakatwa. Jumla inakaribia kalori 970. Zilizobaki hadi 1,060 ni nafasi ya vionjo vya mkononi, yaani chini kidogo ya asilimia 10, ambayo ndiyo mpaka. Kwa kuwa mukene huliwa na mifupa yao, chokaa ipo. Ukitumia mapafu, utumbo au nyama tupu badala ya mukene, chokaa inakosekana: maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini, kijiko kidogo kimoja, hutoa kama gramu 2 za kalsiamu, zinazotosha siku ya mbwa huyu. Bado zinki, shaba na vitamini E huwa pungufu kwenye chakula cha nyumbani, hivyo sufuria ikiwa ndiyo chakula chake cha kila siku, mwombe daktari wa mifugo mchanganyiko wa madini wa mbwa.

Chemsha bila kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na supu iliyobaki mezani karibu kila mara inavyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Mgongo wazi wa sangara (mifupa inayobaki minofu ikishatolewa) una nyama nzuri, ila uchambue kwa mkono baada ya kuchemsha.

Kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Tunalitaja tena kwa sababu ndilo linalopita bila kuonekana: mpishi anayemimina kutoka kwenye jerikeni "kidogo tu" anaweza kuwa ameongeza vijiko vitatu.

Mbwa anayetakiwa kupungua

Kwanza hakikisha kweli amenenepa. Kunja ngumi na upitishe kidole juu ya vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Kunjua mkono, upapase mgongo wa kiganja pale vidole vinapoanzia: mfupa unaupata kwa mguso mwepesi, na hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa. Geuza kiganja juu, bonyeza ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Mbavu ambazo huzipati mpaka ubonyeze namna hiyo ni za mbwa mnene. Ukimtazama kutoka juu awe na kiuno. Kutoka ubavuni tumbo lipande kuelekea mapajani. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo la ngoma na mgongo uliochongoka hajanenepa, ana minyoo.

Madaktari hutumia kipimo cha alama 9, ambapo 4 na 5 ndizo nzuri, na kila alama moja juu ya 5 ni ziada ya kama asilimia 10 hadi 15. Mbwa wa kilo 24 mwenye alama 7 umgawanye kwa 1.2: anatakiwa kuwa na kilo 20. Sasa mlishe kalori za kutulia za kilo 20, yaani 662, bila kuzidisha kwa kitu. Kwa chakula cha kalori 3,400 kwa kilo hizo ni gramu 195. Ukitaka kubakiza nafasi ya vionjo, pima 175. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni.

Anatakiwa kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, yaani gramu 240 hadi 480 kwa huyu mwanzoni. Kilo nne zitachukua miezi miwili hadi minne. Akikaa wiki tatu bila kushuka, na una hakika hakuna mtu anayemlisha pembeni, punguza asilimia 10. Akishuka haraka kuliko hapo, ongeza. Usiendelee kukata chakula cha kawaida bila kikomo, maana kila gramu unayoondoa inaondoka na protini na madini yake. Hapo ndipo chakula cha kupunguza uzito kinapostahili bei yake: kina kalori chache lakini protini imebaki juu. Kwa kanuni za Marekani, chakula kikavu cha mbwa kinachoandikwa "light" hakitakiwi kuzidi kalori 3,100 kwa kilo. Kwa bahati mbaya ndicho kisichopatikana kirahisi kwa kilo. Utakikuta kwenye mifuko iliyofungwa, na ni wachache wanaokiweka.

Kama chakula kimepimwa wiki sita na mbwa hapungui, mpeleke kwa daktari akapimwe damu. Tezi ya shingoni inayofanya kazi chini ya kiwango humnenepesha mbwa hata akila kidogo. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere ni mahali pazuri pa kuanzia kwa walio Kampala. Kwa kumpima uzito nyumbani, panda kwenye mizani ya bafuni ukiwa umembeba, kisha bila yeye, utoe. Mbwa wa kilo 35 habebeki. Mizani ya chini ya kinu cha posho inafanya kazi vizuri, mradi mwenye kinu hana hofu ya mbwa.

Labrador mwonee huruma lakini usimwongezee. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza kasoro ya jeni moja, ambayo karibu robo ya Labrador wanayo, inayomfanya mbwa asisikie kushiba. Jamii hiyohiyo ndiyo iliyotumika katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002: mbwa 48, nusu wakipewa robo pungufu ya chakula cha wenzao maisha yao yote. Nusu ya waliolishwa kidogo walivuka miaka 13, nusu ya wengine 11.2. Huku bado kuna wanaoona mbwa mnene ni sifa ya nyumba.

Mizani ya jikoni na mikebe saba

Mizani ndogo ya kidijitali ya kilo 5 inapatikana kwa urahisi Kikuubo, soko la katikati ya Kampala, na kwenye maduka ya vyombo, na kati ya vyote tulivyovitaja ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa fedha ndogo. Chagua inayosoma gramu moja moja na yenye kitufe cha kurudisha sifuri bakuli likiwa juu. Iweke juu ya meza iliyonyooka. Sakafu ya saruji yenye mawimbi huifanya iyumbe gramu 10 au 20. Betri ikichoka, namba huanza kutembea zenyewe kabla taa haijazimika, na watu huendelea kuziamini. Nyingi hujizima baada ya dakika moja au mbili, jambo la kuudhi ukiwa katikati ya kazi: zikiwaka upya zinahesabu bakuli kuwa sifuri pamoja na chakula kilichomo.

Usipime kila siku. Jumapili panga mikebe saba yenye vifuniko, pima cha kila siku, funga. Yeyote anayelisha, awe kijana wa nyumbani, mtoto au mlinzi, anachukua mkebe wa siku hiyo, na ukiwa mtupu mbwa amekwisha kula. Njia hii inamaliza ule mtindo wa mbwa kula kifungua kinywa kwa watu watatu. Na mlinzi wa usiku uzungumze naye kwa heshima, si kwa amri: anashiriki posho na maharage yake na mbwa kwa sababu wanakesha pamoja. Mwachie vionjo vyake ndani ya ile asilimia 10. Kwa mbwa wa kilo 20 ni kalori kama 100, chini ya nusu ya chapati. Rolex nzima (chapati iliyoviringishwa na mayai) haimo kabisa.

Bei, alama, na pakiti ya chumvi

Usilinganishe bei ya kilo. Linganisha bei ya kalori 1,000. Tuseme kimoja ni shilingi 8,000 kwa kilo chenye kalori 3,000, na kingine ni 10,000 chenye kalori 4,000. Cha kwanza ni kama 2,670 kwa kalori 1,000, cha pili ni 2,500. Kilichoonekana ghali ndicho nafuu, ilimradi upime gramu chache.

Alama zetu kwa kazi ya kutunza uzito: vipunje vya kilo bila kuonyeshwa gunia, 2 kati ya 5. Vipunje vilevile ukiwa na picha ya lebo, na gunia limefunguliwa mbele yako, 4. Unga wa nchini, 2, au 3 ukipita jaribio la glasi. Posho na mukene kwa gramu, 3. Kwa makadirio ya mwiko, 1. Ukihama kutoka kimoja kwenda kingine, changanya kwa siku saba, robo ya kipya kwanza, la sivyo atahara na utalaumu chakula kisicho na kosa.

Na unapokwenda kununua, beba pakiti ya chumvi ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa. Angalia kwanza kama mizani ya duka ina kibandiko cha ukaguzi cha UNBS (shirika la viwango la Uganda) cha mwaka huu, kisha weka pakiti juu yake. Isomeke 500 na gramu chache za karatasi. Ikisoma 540, kila kilo unayolipia ina pungufu ya gramu 70 hivi, na hesabu zote za hapo juu zimeingia mchanga kabla hujafika nyumbani. Chumvi urudi nayo, usiifungue: mizani yako ya jikoni nayo ina zamu yake kila mwezi.